Tupunguzieni Muziki, Tunakula

Sina ugomvi na baa. Nalisema hili mapema, maana najua wapo watakaosoma kichwa cha makala hii na kusema, "Mzee huyu ameishiwa kazi, sasa ameanza kuwahubiria watu." La hasha. Nimekunywa bia yangu tangu nilipoanza kupokea mshahara, na katika miaka yangu 38 ya kufundisha hakuna mwanafunzi aliyepata kuninusa pombe darasani. Wala sina ugomvi na muziki, kama nitakavyoeleza hivi punde. Ugomvi wangu ni mmoja tu. Katika baa zetu za ufukweni siku hizi, watu wawili waliokaa meza moja hawawezi kusikilizana. Nasema jambo hilo ni baya, hasara yake ni kubwa kuliko tunavyodhani, na linaweza kukomeshwa bila kumfilisi mtu yeyote.

Pengine msomaji wangu ni mtu wa bara ambaye hajapata kula katika baa ya pwani, kwa hiyo nieleze kidogo chakula chenyewe kilivyo. Nazungumzia baa za kawaida, zile za paa la makuti, meza za plastiki na mchanga unaoingia viatuni. Si hoteli za watalii. Ukifika huletewi kitabu cha orodha ya vyakula. Unaitwa jikoni, unafunuliwa sanduku la barafu, na ndani yake wamelala changu, tasi, kolekole, pengine vipande vya nguru, na pweza siku akipatikana. Unamchagua samaki wako kwa macho na kwa kidole. Unakubaliana bei. Unasema kama unamtaka wa kukaanga, wa kuchoma au wa nazi, na kama utamla kwa ugali, kwa ndizi au kwa chipsi. Kisha unarudi mezani na kungoja, kwa sababu samaki huyo hajaparwa hata magamba.

Ukihudumiwa kwa dakika 40, shukuru. Saa nzima ni jambo la kawaida. Na katika zama zangu hakuna aliyenung'unika, maana saa ile ya kungoja ilikuwa nusu ya mlo wenyewe. Hapo ndipo mlipoulizana habari za wagonjwa, ada za watoto, nani kahamishwa, nani kaoa, nani kafariki na deni lake limebaki kwa nani. Nyumba za watu wa pwani zina baraza mbele, mahali pa kukaa na kuzungumza na apitaye. Baa ya ufukweni ilikuwa baraza iliyoongezewa samaki na kinywaji. Samaki alipofika, binti alikuja na birika na beseni, mkanawa, na mazungumzo yakaendelea huku vidole vikichambua miiba.

Sasa nenda leo. Utakuta kila nguzo imefungwa spika, na mbele ya kaunta zimesimama mbili nyingine zenye kimo cha mtoto wa darasa la pili. Ni saa tisa alasiri. Hakuna anayecheza. Wateja ni saba. Mzee mmoja anakula na mkewe, vijana wawili wanatazama simu zao, familia moja ina mtoto mchanga. Na muziki unapigwa kana kwamba umma mzima wa mkoa umealikwa kucheza. Meza inatetemeka. Soda ndani ya glasi inafanya mawimbi madogo wakati bahari yenyewe, hatua 20 kutoka hapo, imetulia.

Nitasimulia kisa kimoja, kwa kuwa ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Jina la baa sitalitaja, wala sitataja jina la mtu.

Nilikuwa na rafiki niliyesoma naye Chuo cha Ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tulilala bweni moja. Yeye alichukua Hisabati, mimi Kiswahili. Wakati wa UPE, mwaka 1977, tulipangwa shule mbili jirani, na kwa vile madarasa hayakutosha, alifundisha kugawanya sehemu chini ya mwembe, ubao ukiwa umeegemezwa kwenye shina. Tulistaafu karibu pamoja. Mimi nilibaki Muheza. Yeye alikuwa na shamba la michungwa hukohuko, si mbali na kwangu, lakini alipoanza kuugua alihamia Tanga mjini kwa binti yake ili awe karibu na hospitali.

Mwaka 2022 alifanyiwa upasuaji. Alipopata nafuu alinipigia simu, akasema, "Mwalimu, njoo Jumamosi. Nimechoka na uji. Nataka kula samaki niione bahari. Tena nina maneno na wewe." Baba yake alikuwa mvuvi, kwa hiyo sikushangaa kwamba alitaka bahari. Nilipanda basi, kilomita zipatazo 35, nikamkuta amevaa kanzu safi na kofia, amekonda, lakini macho yake ni yaleyale. Tukachukua bajaji mpaka ufukweni, tukaingia katika baa ambayo miaka ya nyuma tulizoea kwenda siku za mshahara.

Kelele tulizipokea tukiwa bado barabarani. Nilimwambia twende kwingine. Akasema amechoka, tena kwingine ni vilevile, na hapa bahari inaonekana. Tukakaa. Binti mhudumu alikuja, akatuamkia, nadhani, maana niliona midomo yake ikisema shikamoo. Nikamwagiza changu wawili wa kukaanga. Akainama. Nikarudia. Akaandika. Baada ya dakika tano akaleta soda mbili za tangawizi. Rafiki yangu alicheka mpaka akashika mshono wake. Mimi pia nilicheka, na leo namshukuru Mungu kwa kicheko kile. Nikamwomba binti yule atuombee sauti ipunguzwe. Akaniwekea mdomo sikioni, akasema, "Babu, bosi hataki. Tukipunguza tunasemwa." Nikanyamaza. Mtu niliyewanyamazisha wanafunzi mia tano kwa kengele moja, nikanyamaza.

Maji yalikuwa yamekupwa, ngalawa zimelala kwenye tope. Rafiki yangu akaanza kusema. Nilimwuliza, "Unasemaje?" Akarudia. Nikauliza tena. Akarudia kwa nguvu, na nguvu hakuwa nazo. Nilisikia kipande cha neno, "amba", kisha "mdogo", kisha wimbo ukabadilika, ngoma zikaanza upya. Akachovya kidole katika maji yaliyomwagika mezani, akachora mstari juu ya plastiki, akaukata kwa mstari mwingine, akaniangalia usoni kuona kama nimeelewa. Nilidhani ananionyesha mahali daktari alipompasua. Niliona haya kuuliza mara ya nne. Nikaitikia kwa kichwa, nikasema, "Pole sana, ndugu yangu."

Alinitazama kwa mshangao kidogo. Kisha akatabasamu, akanipiga bega, akanawa akala samaki wake. Mistari ile mezani ilikauka kabla hatujamaliza.

Alifariki wiki saba baadaye. Tulimzika, na arobaini ilipokwisha wanawe wawili walikuja kwangu Muheza, mkubwa na mdogo, kila mmoja ana mama yake. Mkubwa akasema, "Mwalimu, baba alituambia habari ya mpaka wa shamba amekumalizia wewe siku ile mliyokwenda ufukweni. Alisema ulikubali kuwa shahidi. Tumekuja utuonyeshe."

Msomaji, nimesimama mbele ya wakaguzi wa elimu. Nimesimama mbele ya wazazi wenye hasira. Sijapata kusimama mahali pagumu kama pale uani kwangu. Niliwaambia ukweli, kwamba baba yao alisema lakini sikusikia. Mdogo aliinamisha kichwa. Mkubwa alinikodolea macho, nikaona wazi anaamini namficha, au nimeambiwa jambo lisilompendeza na sasa nakwepa. Ni nani atakayeamini kwamba mwalimu wa miaka 38 aliambiwa wosia uso kwa uso, akaitikia, na hajui alichoitikia? Wazee wa ukoo waliligawa shamba kwa kukisia. Mpaka leo ndugu wale wawili hawapeani mkono wa Idi.

Utaniambia kosa ni langu, kwa nini sikuuliza mara ya nne, kwa nini sikumshika mkono tukatoka nje. Nakubali. Nimelibeba kosa hilo na nitazikwa nalo. Lakini kosa langu halifuti la yule aliyeifanya baraza kuwa mahali ambapo mtu anatakiwa kuuliza mara nne. Nami naamini meza kama ile ziko nyingi sana. Mchumba anasema neno la maana halisikiki. Mtoto anataka kumweleza baba yake kwa nini amefeli, anakata tamaa. Wengi wanaitikia kwa kichwa mambo wasiyoyajua, wanalipa, wanakwenda nyumbani.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu ya zamani, nieleze somo. Sauti hupimwa kwa desibeli. Watu wawili wanaozungumza kwa kawaida, umbali wa mita moja, hutoa kiasi cha desibeli 60. Wataalamu wa afya ya kazi wanasema sikio la mfanyakazi linaweza kustahimili desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Zaidi ya hapo hesabu inakwenda hivi: kila zikiongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti inakuwa maradufu, na muda wa usalama unagawanywa kwa mbili. Desibeli 88, saa 4. Desibeli 91, saa 2. Desibeli 94, saa moja. Desibeli 97, nusu saa. Desibeli 100, robo saa. Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuiendeleza hesabu hiyo mwenyewe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango kwa ajili ya kumbi za burudani duniani kote, likasema wastani usizidi desibeli 100 kwa kipimo cha dakika 15, na likashauri kila ukumbi uwe na sehemu tulivu ya kupumzisha masikio. Hizo ni kumbi watu wanakokwenda kwa ajili ya muziki. Sisi tumekwenda kula changu.

Mteja anakaa saa mbili akaondoka. Binti mhudumu anakaa tangu asubuhi mpaka usiku, siku sita au saba kwa juma. Yule aliyeniletea tangawizi badala ya changu sikumwona mjinga. Nilimwona mtoto wa watu ambaye masikio yake yanaharibiwa kwa ujira mdogo, na hajui, kwa sababu sikio halitoki damu. Sikio linalokufa kwa kelele halifufuki. Kwa wazee na kwa walioharibiwa na kelele, sauti kali na nyembamba ndizo hutangulia kupotea, nazo ndizo zinazobeba herufi kama s, f, t na k. Katika Kiswahili hilo ni balaa, maana irabu zetu ni tano tu na maneno yetu mengi yanatofautiana kwa konsonanti moja. Paka, taka, kaka, saka. Ukipoteza herufi ya kwanza, yote ni "aka". Ndivyo mimi nilivyobaki na "amba" yangu. Ilikuwa "shamba". Ningeweza pia kuisikia "kamba", au "mwamba".

Wenye baa wana majibu yao, nami nimeyasikia yote. Tuyachukue moja moja.

Wanasema, "Wateja wanaupenda." Nauliza, nani aliwauliza? Nilipokuwa mwalimu mkuu nilijifunza kwamba darasa likinyamaza si lazima limekubali. Mara nyingi limeogopa au limechoka. Watazame hao vijana mnaosema wanaupenda. Wamekaa wanne, kila mmoja na simu yake, wanaandikiana ujumbe na watu wasiokuwapo kwa sababu waliopo hawasikiki. Halafu kuna jambo ambalo daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alilieleza tangu mwaka 1911: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kujua. Basi ukipandisha muziki, meza zote zinapiga kelele. Meza zikipiga kelele, mpiga muziki anapandisha tena ili asikike. Ni mbio zisizo na mshindi, na asubuhi koo zote zinauma.

Wanasema, "Asiyependa aende kwingine." Aende wapi, kama kila baa ya ufuo ule imefanya vilevile? Tena kelele haziishii kwenye uzio wa baa. Zinavuka mpaka kwa mama mwenye mtoto mchanga, kwa mgonjwa, kwa mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa darasa la saba, kwa anayeswali na kwa anayeimba kwaya. Hao hawakuagiza chochote. Wahenga walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi, na wenye baa hupenda methali hiyo. Lakini mwenye nyumba wa methali analala ndani ya nyumba yenye mlango ule. Mwenye baa wetu mara nyingi analala mtaa mwingine kabisa, mtulivu, wenye miti.

Wanasema, "Muziki ndiyo biashara, muziki unauza." Hapa nataka kuwa mkweli, maana hoja hii ina ukweli ndani yake. Watafiti nchini Ufaransa walichapisha mwaka 2008 matokeo ya jaribio walilofanya katika baa. Walipopandisha muziki kutoka desibeli 72 hadi 88, wanaume waliokuwa wakinywa bia walikunywa zaidi, na kila glasi waliimaliza upesi zaidi. Naam, kelele zinauza bia. Lakini sasa tumejua kazi yake! Mtu asiyeweza kuongea anafanya nini na mdomo wake? Anakunywa. Maneno yangu na ya rafiki yangu yalinyang'anywa ili nafasi yao ijazwe na chupa. Kama hiyo ndiyo biashara, basi mwenye baa aseme waziwazi, aandike mlangoni: "Hapa hamkuja kuzungumza." Wenye akili tutajua pa kukaa. Na kwa nini biashara hiyo iangukie hata meza ya chakula, saa tisa alasiri, kwa wazee wawili wenye samaki na soda?

Wako watakaosema nachukia muziki wa vijana. Msinisingizie. Mimi ni mtu wa mkoa wa Tanga. Mji huu ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz wakati nchi nzima inacheza dansi, na ulikuwa na Black Star Musical Club, waliotia gitaa za umeme katika taarabu, wakiwa na sauti ya Shakila ambayo hakuna aliyeisikia akaisahau. Sisi pia tuliambiwa na wazee wetu kwamba magitaa yale ni makelele. Lakini dansi lilikuwa na ukumbi wake na saa zake. Ulilipa kiingilio, ukaingia, ukacheza mpaka shati likalowa. Ukitaka kuzungumza ulitoka nje. Na jambo kubwa zaidi, nyimbo zile zilikuwa na maneno, na maneno yalitakiwa yasikike. Watu walirudi nyumbani wakibishana mtunzi alimaanisha nini. Vijana wa leo nao wana watunzi wazuri, wenye mafumbo ya kutosha kufundishia Kidato cha Nne. Spika zinazokoroma haziwatendei haki. Mnauua hata huo muziki mnaodai kuutetea.

Sheria ipo. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake zimetungwa kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zenye viwango kwa maeneo mbalimbali, vya usiku vikiwa chini ya vile vya mchana. Lakini mimi ni mwalimu, si askari. Najua sheria ya shule haifanyi kazi mpaka wanafunzi waone aibu kuivunja. Kwa hiyo naleta mapendekezo ambayo hayahitaji askari wala fedha.

Kwanza, kabla ya saa mbili usiku, kipimo kiwe hiki: mhudumu na mteja, wamesimama hatua moja, waweze kuagizana samaki bila yeyote kupaza sauti wala kuinama. Hakuna mashine inayohitajika. Changu akigeuka kuwa tangawizi, punguza.

Pili, geuzeni spika. Mahali pa wazi, kila ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye spika moja, sauti hupungua kwa kiasi cha desibeli 6. Basi wekeni spika upande wa kaunta, zielekee kaunta, na meza za chakula zisogee upande wa maji. Anayetaka muziki ataufuata, kama tulivyoufuata sisi. Anayetaka bahari ataipata.

Tatu, kama kuna bendi au mcheza muziki wa usiku, andikeni ubaoni siku na saa. Mtu akija akakuta kelele kwa wakati uliotangazwa, amejitakia mwenyewe.

Nne, wenye baa, waruhusuni wahudumu wenu wapunguze sauti mteja akiomba. Binti yule hakuwa na ubaya. Alikuwa na hofu.

Na la mwisho ni letu sisi wateja, hasa wazee wenzangu. Kuuliza si ujinga, na kuomba si ugomvi. Mimi nilinyamaza kwa sababu niliogopa kuonekana mzee wa zamani. Ni woga wa kijinga, kwani mzee wa zamani ndiye niliye, na miaka 76 haifichiki chini ya kofia. Siku hizi nikiingia mahali naomba kwa adabu, mara moja, mbele ya mwenyewe. Wakikubali nakaa na kuagiza vizuri. Wakikataa natoka kabla ya kuchagua samaki, na namwambia mwenyewe kwa nini natoka, ili ajue fedha yangu imekwenda kwa sababu gani. Tukiwa kumi tunaofanya hivyo kwa juma, ataanza kuhesabu.

Katika bahari hii ya Tanga yupo samaki wa ajabu, silikanti, ambaye wataalamu walidhani alitoweka zamani za kale mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wetu walianza kumpata kwenye maji ya Tanzania mwaka 2003, na kwa ajili yake ikaanzishwa hifadhi ya bahari hapa Tanga. Nafurahi. Lakini huwa najiuliza: kama taifa limeweza kumtengea samaki mzee kilomita nyingi za maji apumue kwa amani, je, haiwezekani wazee wa nchi kavu tukatengewa meza nne tu upande wa bahari?

Mwezi uliopita nilirudi katika baa ile. Nilitaka kuiona meza. Plastiki zote zinafanana, sikuweza kuitambua. Muziki ulikuwa ule ule. Nilimwendea mwenyewe kwenye kaunta, nikamwomba apunguze. Alinitazama, akatazama wateja wake watano, akazungusha kitufe kidogo sana, labda kwa huruma. Kilitosha nikasikia maji yakiingia kwenye mawe. Nikaagiza changu mmoja. Nilipokuwa nangoja, kijana wa meza ya pili aliweka simu yake chini, akaanza kumweleza mwenzake jambo, na mwenzake akamjibu.

Sikusikia walichosema. Hayakunihusu. Wao walisikiana.